Bwana Plimsoll, Muuza Makaa, na Mstari Ubavuni mwa Meli

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mkaguzi wa mabehewa, katika mkutano wa tawi letu la Mombasa.)



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja wa karakana alisimama akasema kwamba mfanya biashara akiingia Bungeni huenda kulinda duka lake, na mfanya kazi anayempa kura amejikata mguu mwenyewe. Watu walimpigia makofi, na mimi pia nilipiga. Lakini nilipokuwa njiani kwenda nyumbani nilikumbuka habari za mtu mmoja ambaye hakufanya hivyo, nikamwomba Mwenyekiti ruhusa niwaeleze. Mimi elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni tu, basi nikikosea mniwie radhi.

Wengi wetu tumepeleka mabehewa gatini Kilindini, na tumeona ubavuni mwa kila meli kubwa duara lenye mstari uliolikata katikati. Kando yake kuna mistari mifupi na herufi. S ni mstari wa kiangazi, W ni wa majira ya baridi, F ni wa maji baridi yasiyo na chumvi, na T ni wa bahari za joto kama hii yetu. Maji yakiufikia mstari unaohusika, shehena imetosha, hata kama gatini bado kuna magunia elfu. Watu wengi huiita alama ya Plimsoll. Plimsoll ni jina la mtu, naye hakuwa baharia. Alikuwa muuza makaa ya mawe.

Samuel Plimsoll alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 10 Februari 1824. Aliacha shule mapema akawa karani katika mji wa Sheffield, halafu akapanda cheo mpaka kuwa meneja wa kiwanda cha bia. Mwaka 1853 alihamia London kuuza makaa ya mawe. Zamani makaa mengi yaliletwa London kwa merikebu kutoka kaskazini, naye alitaka kuyaleta kwa reli. Biashara ile ilianguka. Mwaka 1855, akiwa na umri wa miaka 31, alikuwa amefilisika kabisa, akalala katika nyumba za kupanga za bei rahisi pamoja na vibarua na watu wasio na kazi. Alikuja kusema baadaye kwamba huko ndiko alikowafahamu maskini, na akaona jinsi walivyosaidiana wao kwa wao.

Alijiinua tena kwa makaa yale yale, na hapa sisi watu wa reli tusikilize vizuri. Makaa yakimwagwa kutoka behewani kwa kishindo huvunjika, na vumbi la makaa halina bei. Plimsoll alibuni mtambo wa kuyashusha bila kuyavunja, akasajili haki yake, na katika miaka ya 1860 akajengewa daraja la kushushia makaa katika yadi ya King's Cross, London. Hivyo mali yake ilitoka katika yadi ya reli. Wala si reli peke yake iliyomwinua. Mwaka 1865 aliomba kura katika mji wa Derby akashindwa, na mwaka 1868 akaomba tena akashinda, akaingia Bunge kwa chama cha Liberal. Derby haina bahari. Ni mji wa ndani, na wakati ule ulikuwa makao makuu ya kampuni ya reli ya Midland. Sheria ya mwaka 1867 ilikuwa imewapa kura wafanya kazi wengi wa mijini. Basi mtu anayesifiwa na mabaharia wa dunia alipelekwa Bungeni na mji wa watu wa reli.

Sasa niwaeleze hali ya mabaharia wa siku zile. Mwenye meli angeweza kuijaza kadiri apendavyo, hata kama mbao zake zimeoza. Angeweza pia kuikatia bima kubwa. Meli ikifika salama, anapata faida ya shehena. Ikizama, anapata fedha za bima, wala yeye hayumo ndani yake. Watu waliziita meli hizo majeneza yanayoelea. Na baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, akiiona meli akakataa kupanda, sheria ilimhesabu kuwa mtoro akafungwa jela. Mamia walifungwa hivyo. Katika Biblia mabaharia wa merikebu ya Yona walipoona tufani walitupa shehena baharini ili kuipunguza uzito. Wale wa Uingereza hawakuwa na ruhusa hata ya kubaki ufukweni.

Lazima niseme kweli moja ambayo wanaomsifu Plimsoll huiruka. Wazo la mstari halikuwa lake la kwanza. Mtu mmoja aitwaye James Hall, yeye mwenyewe mwenye meli wa kaskazini, alikuwa amekwisha lipigania kabla yake, na hakupewa sifa aliyostahili. Plimsoll alilichukua, akalitangaza kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwanzoni mwa 1873 alitoa kitabu kiitwacho Our Seamen, na nchi nzima ikasisimka. Mambo mengine aliyoyaandika hakuweza kuyathibitisha, akashitakiwa kwa kuwavunjia watu heshima. Alikuwa mtu wa hasira, mwepesi wa kuamini lolote alilosimuliwa dhidi ya wenye meli. Mkewe Eliza alimsaidia sana katika kazi hiyo. Serikali iliunda tume mwaka huo huo, na tume ilipomaliza kazi mwaka 1874 haikuunga mkono mstari wa lazima.

Mwaka 1875 serikali ya Waziri Mkuu Disraeli ilileta muswada wa meli, muswada dhaifu, lakini ulikuwa heri kuliko kukosa. Tarehe 22 Julai Disraeli alitangaza kwamba muda hautoshi, muswada utaachwa. Plimsoll akaruka kutoka mahali pake. Alikunja ngumi mbele ya wakubwa wa serikali, akasema humo Bungeni wamo waovu wanaopeleka watu kufa, akamtaja kwa jina mjumbe mmoja ambaye meli zake zilikuwa zimepotea. Spika alimtaka afute maneno yake. Alikataa, akaambiwa atoke, na akapewa wiki moja ya kufikiri. Tarehe 29 Julai alirudi akaomba radhi kwa ukali wa maneno yake mbele ya Bunge. Mambo ya meli hakuyafuta.

Katika wiki ile moja watu walifanya mikutano mijini na bandarini, barua zikamiminika, na serikali iliyosema haina muda ikapata muda. Kabla ya Agosti kwisha sheria ya mwaka mmoja ilikuwa imepitishwa, ya kuzuia meli mbovu zisitoke, na mwaka 1876 ikafuata sheria kamili: kila meli ya kigeni-maji iendayo mbali iwe na mstari wa shehena ubavuni.

Ndugu zangu, kama hadithi ingeishia hapa nisingewachosha. Sheria ya 1876 ilisema mstari uwepo. Haikusema uwekwe wapi. Mahali pa kuuchora palikuwa hiari ya mwenye meli! Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja, kwa dhihaka, aliuchora kwenye bomba la moshi. Mwingine hakufanya dhihaka, aliuchora juu kidogo tu ya mahali pa haki, na huyo ndiye aliyekuwa wa hatari zaidi. Hali hiyo iliendelea miaka 14. Sheria ya 1890 ndiyo iliyowaondolea wenye meli hiari hiyo, mahali pa mstari pakapimwa kwa hesabu iliyokubaliwa na serikali.

Jambo hili ndilo lililonifanya nisimame leo, kwa sababu limenigusa mwilini. Miaka kadhaa iliyopita, katika yadi moja nisiyoitaja, nilipewa behewa nilikague kabla halijaungwa na mengine. Mnajua kila behewa limeandikwa ubavuni tarakimu mbili, uzito wake likiwa tupu na mzigo linaloruhusiwa kubeba. Nilitazama springi nikaona zimelala kabisa. Nikamwendea msimamizi. Akanionyesha karatasi, nayo ilisema mzigo uko ndani ya kiasi. Nikauliza nani aliyepima. Akajibu kwamba mwenye mzigo ndiye aliyeandika, na mzani ulikuwa haufanyi kazi siku ile. Mimi nina watoto watatu, nikatia sahihi. Behewa lile halikufika mbali, lilitoka relini kwenye pointi za pili, na mwenzangu aliyekuwa akiongoza magari alivunjika mguu mahali pawili. Anatembea kwa gongo mpaka leo. Sahihi iliyokuwa kwenye karatasi ni yangu, si ya mwenye mzigo.

Tarakimu zilikuwepo, ndugu. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, zinasomeka hata usiku kwa taa. Ila aliyejaza karatasi ni yule yule mwenye faida.

Wala tusiseme mambo haya ni ya Wazungu wa zamani. Tarehe 29 Aprili 1994, hapa hapa kwetu, kivuko cha Mtongwe kilizama asubuhi kikiwa na watu wapatao 400, nacho kiliruhusiwa 300. Watu 272 walikufa, na wengi wao walikuwa wanakwenda kazini. Namba 300 ilijulikana. Lakini asubuhi ile, kabla kivuko hakijaondoka, hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni akasema basi, imetosha, akatiiwa.

Nirudi kwa Plimsoll. Mwaka 1880 alichaguliwa tena, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijaamua kama lilikuwa la busara. Sir William Harcourt, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa amekosa kiti, na Plimsoll akampa kiti chake cha Derby, kwa kuamini kwamba waziri atawafaa mabaharia kuliko mjumbe wa kawaida. Hakupata alichokitumaini. Hapo ndugu yangu wa karakana angesema, nilikwambia. Na mimi nisingekuwa na jibu la haraka.

Lakini mwaka 1887 mabaharia wenyewe waliunda chama chao katika mji wa Sunderland, kikiongozwa na Havelock Wilson aliyekuwa baharia, nao walimfanya Plimsoll rais wao wa heshima. Mzee huyo, asiye na kiti tena Bungeni, alitembea na chama hicho, na sheria ya 1890 ilipatikana wakati kilipokuwa kimekwisha kuwa na nguvu. Nadhani huko ndiko alikofaa zaidi: si tajiri anayewasemea watu wasiokuwepo, ila tajiri aliyezungukwa na watu wanaomwambia mstari uko wapi. Huyo ndiye mfanya biashara ninayeweza kumpa kura yangu, na namwuliza ndugu yangu wa karakana kama yeye pia hawezi.

Plimsoll alikufa Folkestone tarehe 3 Juni 1898. Mwaka 1906 sheria ilizilazimisha hata meli za kigeni zinazoingia bandari za Uingereza zifuate mstari, ingawa mwaka huo huo hesabu ilibadilishwa meli nyingi zikaruhusiwa kuzama zaidi majini kuliko kwanza, na mabaharia walilalamika sana. Mapatano ya mataifa yalifanywa mwaka 1930, na tena mwaka 1966. Huko Uingereza hata raba za turubai huitwa kwa jina lake, kwa ajili ya ule ukanda wa mpira unaozunguka kiatu, maana maji yakipita hapo, mguu umelowa. Sanamu yake iko London kando ya mto Thames. Iliwekwa mwaka 1929, na fedha hazikutoka serikalini wala kwa wenye meli. Chama cha mabaharia ndicho kilichoiweka.

Anayetaka kuiona alama yenyewe, asimame Likoni Jumapili meli inapoingia. Ikiwa imejaa, duara liko karibu na maji. Ikitoka tupu, duara liko juu sana, utaliona hata bila darubini, pamoja na herufi zote.

Mwenzangu aliyevunjika mguu yuko hapa leo, amekaa karibu na mlango. Naomba Mwenyekiti ampe nafasi, kwa sababu ana pendekezo juu ya mzani.