Picha ya ng'ombe ndani ya mahindi

Novemba 2021, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Kabla ya hapo picha yake ilizungushwa Facebook, akishambuliwa kwa asili yake ya Tigray. Desemba 2022 mwanawe aliishtaki kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, jijini Nairobi.

Msikilizaji wa Nduruma, usiseme ni mbali. Kiangazi kikibana, mkulima na mfugaji hutazama maji yaleyale. Ikiingia WhatsApp picha ya ng'ombe ndani ya mahindi, na sauti ikisema "hawa ndivyo walivyo", tulia kwanza. Nani alipiga picha hiyo? Lini? Shamba la nani? Na kwa nini kosa la mfugaji mmoja limekuwa la kabila zima? Hapo ndipo chuki hujificha.

Kumkosoa diwani kwa sababu ya maji si chuki. Ni haki yako. Lakini kuwatukana watu kwa kabila au dini yao ni jambo linaloguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015. Hifadhi ujumbe uwe ushahidi, usiusambaze, mwombe msimamizi wa kundi aufute, kisha umuulize mwenyekiti wa kijiji ni nini kilitokea shambani.