Ahadi Inayokaguliwa: Kuandika na Kunadi Andiko la Kipindi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya watayarishaji vijana wa redio na filamu, Rohero, Bujumbura

1. Utangulizi



Tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura, hapa hapa Rohero, liliteketea kwa moto. Tuchukulie kila mmoja wenu ameombwa anadi kipindi kuhusu msiba ule. Wengi wataanza hivi: “Mradi huu unalenga kuhamasisha jamii kuhusu changamoto za wafanyabiashara.” Sarufi yake ni safi, lakini sentensi haina mtu ndani yake.

Mwingine ataandika: “Mama aliyeuza vitenge Soko Kuu bado ana daftari la madeni aliloliokoa siku ya moto. Katika vipindi 6 vya dakika 15 tutamfuata akiwatafuta wadaiwa wake mmoja mmoja, kutoka Buyenzi hadi Kinama.” Mama huyu ni wa mfano tu, lakini tazama kazi aliyoifanya. Msomaji ameshajua ni nani, wapi, kwa muda gani, tena anataka kujua kama madeni yatalipwa.

Hoja yangu leo ni moja: andiko ni ahadi kwa msikilizaji, iliyoandikwa wazi kiasi kwamba mfadhili anaweza kuikagua. Sehemu zake zote, kuanzia wazo hadi bajeti, zinaitumikia ahadi hiyo.

2. Wazo katika sentensi moja

Mwaka 1992 Léonce Ngabo alitoa “Gito l'ingrat”, filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kutengenezwa na Mrundi. Kiini chake kinaelezeka kwa pumzi moja: kijana anarudi Bujumbura na shahada kutoka Paris, akiamini uwaziri unamngoja, na mji unamfundisha vingine. Humo mna mtu, mna anachokitaka, mna kinachomzuia. Filamu inaweza kubeba mambo mengi zaidi ya hayo, lakini wa kukupa fedha lazima akamate haya matatu kwanza.

Kabla ya kuandika ukurasa wa pili, msomee sentensi yako mtu asiye wa fani yetu, mwuza ndagala au dereva wa teksi. Akikuuliza “Halafu ikawaje?”, endelea. Akikujibu “Ni vizuri,” rudi mezani.

3. Msikilizaji na masafa: somo la Studio Ijambo

Mwaka 1995, nchi ikiwa vitani, shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo hapa Bujumbura, na Wahutu na Watutsi wakafanya kazi chumba kimoja. Studio hiyo haikuwa na masafa yake. Ilitengeneza vipindi, kisha vikarushwa na redio nyingine, ikiwemo redio ya taifa. Maana yake ni kwamba kila kipindi kilihitaji kukubaliwa na mwenye masafa kabla ya kumfikia msikilizaji.

Kutoka humo ulizaliwa mchezo wa redio “Umubanyi niwe umuryango”, yaani jirani ndiye familia, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili zinazopakana, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi, na uliendelea kwa mamia ya vipindi. Neno “upatanisho” linaweza kumchosha mtu aliyepoteza nduguye. Lakini ugomvi wa majirani kila nyumba inaufahamu.

Kwa hiyo andiko lenu lijibu maswali matatu. Nani atasikiliza, na saa hiyo anafanya nini? Redio gani itarusha, na je, imekubali kwa barua? Lugha gani itatumika? Kirundi kinafika kila kilima. Kiswahili kinazungumzwa Buyenzi na Rumonge, kinavuka ziwa hadi Uvira. Andiko linaloahidi Kiswahili lieleze ni kwa ajili ya masikio gani.

4. Matokeo: somo la “Twende na Wakati”

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa “Twende na Wakati”, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Waandaaji walipanga upimaji tangu mwanzo: kwa miaka miwili ya kwanza wasikilizaji wa eneo la Dodoma walipewa vipindi vingine, ili walinganishwe na wale walioufuata mchezo sehemu nyingine za nchi. Hivyo walipata msingi wa kusema mchezo umeleta mabadiliko gani.

Sisi hatuna uwezo wa kupima nchi nzima. Tunaweza kuunda vikundi vitatu vya wasikilizaji, kuwauliza maswali yale yale kabla ya kipindi cha kwanza na baada ya cha mwisho, na kuhesabu simu na ujumbe. Andika idadi unayoweza kuitimiza. Ukiahidi “kuwafikia Warundi wote”, umejiandikia hukumu.

5. Bajeti na ratiba

Bajeti ndiyo sura ya uaminifu wako. Kila mstari utokane na tukio lililomo kwenye hadithi: ukiandika safari ya Rumonge, kipindi cha Rumonge kionekane. Weka mafuta au nauli, malipo ya waigizaji, chakula, uhariri, na umeme wa akiba kwa siku ambazo hautakuwepo. Usiache malipo yako mwenyewe ili uonekane rahisi, maana mradi unaotegemea njaa ya mtayarishaji hukwama njiani. Ratiba itenge pia siku za kuomba ruhusa ya kurekodi, na ridhaa ya wahusika iandikwe.

6. Kunadi ana kwa ana

Mkiitwa mbele ya jopo, huenda mkapewa dakika 5 tu. Anzeni na mtu wa hadithi yenu, wasikilizisheni sauti au waonyesheni picha ya dakika moja mliyoirekodi kweli, kisha mseme kiasi mnachoomba na kitafanya nini. Mkiulizwa msilolijua, semeni mtalitafuta, na mlete jibu. Mkikataliwa, ombeni sababu, rekebisheni, mpeleke kwingine.

7. Hitimisho

Soko lile liliungua zaidi ya miaka kumi iliyopita, na waliopoteza vibanda vyao bado tunapishana nao mitaani. Hadithi zao zinazeeka pamoja nao. Nawaomba, kabla semina hii haijafungwa, kila mmoja atoke mlangoni, azungumze na mtu mmoja wa Rohero, na arudi na sentensi moja iliyoandikwa. Tutaanzia hapo kesho asubuhi.