Kuongea na Mtu Aliyewaka

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Manyatta, Kisumu)

Nimeombwa nizungumze juu ya ugomvi katika vikundi. Nitaanzia mbali kidogo, lakini msijali, nitarudi hapa hapa Manyatta.

Januari 1973, wanaume wanne wenye bunduki waliingia duka moja la Brooklyn, mjini New York, wakajifungia ndani na watu waliowateka. Polisi mmoja aliuawa. Siku hizo mtindo wa polisi wengi ulikuwa kuvunja mlango na kuingia kwa nguvu. Lakini miezi minne tu ilikuwa imepita tangu utekaji wa Munich, Ujerumani, wa Septemba 1972, ambapo wanamichezo na wakufunzi 11 wa Israeli walikufa. Basi polisi wa New York walizingira lile duka, wakangoja. Walingoja saa 47. Mateka walitoka hai, na wale wanne wakajisalimisha. Mwaka huo huo kikaundwa kikosi cha polisi cha kuzungumza na watekaji. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa mpelelezi Harvey Schlossberg, ambaye alikuwa pia amesomea saikolojia.

Walichokigundua ni hiki: mtu aliyewaka hasikii hoja, hata ikiwa nzuri namna gani. Kwanza apoe. Na atapoa ukimpa muda, na akiona kuna mtu anayemsikia.

Mtaniuliza, sisi hapa watekaji tunawapata wapi? Haya, yule mweka hazina anayesimama mlangoni na kitabu cha kikundi kwapani, akisema leo hasomi hesabu, si amewateka nyinyi nyote?

Tuseme mama mmoja amekaa miezi mitatu bila kulipa mkopo wa shilingi 3,000. Katibu anasimama: "Mama, hebu tuambie, sheria yetu inasema nini?" Mama anaruka: "Mnanidharau kwa sababu sina bwana!" Hapo kila mtu anapiga kelele, na mkutano umekwisha. Katibu hakusema uongo. Sheria ipo. Lakini aliitoa kabla ya saa yake.

Jaribuni hivi. Mama akisema mnamdharau, mwenyekiti asikane. Amrudishie neno lake, polepole: "Mama, unaona tumekudharau." Halafu anyamaze. Hapo kwenye kunyamaza ndipo tunaposhindwa, maana sisi watu wa ziwa maneno hayatuishi. Hesabu kimya kimya hadi kumi. Mama ataongeza mwenyewe: "Mtoto wangu alilazwa wiki mbili, hakuna hata mmoja wenu aliyefika." Kumbe! Wakati wote huo mlikuwa mkibishana juu ya 3,000, na yeye alikuwa na deni lingine analowadai. Mwambie, "Hilo lilikuumiza." Mwache aseme mpaka amalize.

Kusikiliza si kusamehe deni. Zile 3,000 bado ni 3,000. Lakini sasa unaweza kumuuliza, "Tufanyeje ili ulipe na watoto wasilale njaa?" Akitaja mwenyewe shilingi 200 kwa wiki, atazilipa kwa moyo kuliko zile mlizompangia nyinyi. Na msimuulize "Kwa nini hukulipa?" Neno "kwa nini" kwa mtu aliyewaka ni kama kidole machoni. "Ilikuwaje?" ni afadhali.

Mfano wa pili hauko mbali. Mwaka 2008, mwanzoni, hapa Kisumu hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Kofi Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari, akasaidiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa. Alipowakalisha watu wa Mwai Kibaki na wa Raila Odinga, kila upande ulitaka kuanza na swali moja, nani alishinda. Walikubaliana kwanza juu ya mpangilio: kusimamisha umwagaji damu, kisha kuwasaidia waliofukuzwa makwao, kisha siasa, na mwisho mambo ya mizizi kama ardhi, umaskini na katiba.

Huo mpangilio unafaa hata jikoni kwenu. Mume na mke wanagombana juu ya karo, na katikati anaingizwa mama mkwe, shamba la nyumbani, na harusi ya mwaka ule. Mambo manne kwa mpigo mmoja! Anzeni na la leo: mtoto amerudishwa nyumbani, kesho ataingiaje darasani? Shamba litangoja Jumapili. Lakini lisizikwe. Lile ambalo halikupewa siku yake hurudi usiku.

Kuna jambo jingine Annan alifanya ambalo mimi nalipenda zaidi. Tarehe 26 Februari, mazungumzo yalipokwama, aliyasimamisha. Wajumbe akawaweka kando, akaenda kwa Kibaki na Raila wenyewe. Siku mbili baadaye, tarehe 28, wakatia sahihi. Sasa tujiangalie. Ni mara ngapi tunamtuma mtoto, "Mwambie baba yako..."? Ni vikundi vingapi hapa vinagombana kupitia shemeji na majirani? Nenda kwa mwenye neno.

Wala msiseme hiyo ni kazi ya wakubwa. Huko Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana, Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walianzia sokoni. Walisimamia soko ili mwanamke wa ukoo wowote anunue na kuuza bila kubaguliwa. Kutoka hapo walifika kwa wazee, kwa vijana, hadi serikalini. Mwaka 2008 Dekha alikuwa miongoni mwa Wakenya waliohangaika kuzima moto ule ule niliousema.

Mwishoni mama mmoja ameuliza: na bwana akiwa anapiga, nimsikilize pia? Hapana, mama. Turudi kwa lile duka la Brooklyn. Polisi walizungumza, lakini walikuwa wamezingira mlango. Hakuna aliyetumwa ndani peke yake akabembeleze mwenye bunduki. Ukipigwa, kwanza toka, wewe na watoto. Nenda kwa jirani, kwa chifu, kituo cha polisi, au piga simu 1195, haitozwi. Tangu 2015 iko sheria inayomwezesha hakimu kutoa amri ya kukukinga, na kikundi kinaweza kukusindikiza hadi mahakamani. Tena wanakikundi, siku hiyo msimuulize alimkosea nini bwanake. Mmoja abebe mtoto, mwingine atafute nauli.