Vita vya Mpunga na Kuvu

Leo nataka kusema nanyi habari ya vita visivyo na kishindo, vipiganwavyo katika mashamba ya mpunga. Adui ni kuvu, na alama yake yajulikana Kilombero hata Mwea: madoa ya kijivu katika majani, mapana katikati, yaliyochongoka ncha zote mbili. Shingo ya suke ikishikwa, suke hubaki jeupe, nalo ni makapi matupu.

Mbegu za kuvu ni ndogo kuliko vumbi, nazo huchukuliwa na upepo. Ikitua mbegu moja juu ya jani lenye umande, huota, hujifanyia kifuko kigumu, na kukijaza maji kwa nguvu yapata mara 40 ya ile ya upepo uliomo katika mpira wa motokaa. Kwa nguvu hiyo hutoboa jani.

Je, mpunga hufanyaje? Sisi tunayo damu, ipelekayo askari penye jeraha. Mpunga hauna damu. Kila chembe ya mwili wake ni ngome ijilindayo yenyewe, na ukutani mwake wamo mabawabu. Ngozi ya kuvu ina kitu kiitwacho kitini, kilicho pia katika gamba la kamba na la panzi. Bawabu akigusa kipande chake, hujua kwamba mgeni huyu si mwema. Bawabu mmoja wa namna hiyo alielezwa na wataalamu wa Ujapani mwaka 2006. Hapo chembe huimarisha ukuta wake na kutengeneza sumu. Na mpunga uliorithi kumtambua adui yule hasa hufanya zaidi: chembe iliyoingiliwa hujiua, ili kuvu ikose chakula papo hapo. Hufa chache, zikapona nyingi.

Basi, wasikilizaji, nasi tuna sehemu yetu. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, majani hulainika, adui akaingia upesi. Majivu ya maganda ya mpunga yana silika, iimarishayo majani. Msiyatupe, yarudisheni shambani. Pandeni mbegu safi, wala msitegemee aina moja miaka yote, maana kuvu nayo hubadilika, na ngao ya jana yaweza kutobolewa kesho.

Mpunga hauwezi kukimbia, wala kupiga yowe. Wa kuliona doa la kwanza ni ninyi. Kwaherini.