Maziwa Yako Yanapoongezewa Virutubisho

Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyezaliwa mapema mno, kabla mimba haijatimiza wiki 28.

Huenda mtoto wako amelazwa wodini, analishwa kwa mpira mwembamba, na muuguzi amekuambia kwamba maziwa yako yataongezewa virutubisho. Usivunjike moyo ukadhani maziwa yako ni mabaya. Hakuna chakula kinachomfaa zaidi. Yana kinga, tena humpunguzia hatari ya ugonjwa mkali wa matumbo unaowapata watoto kama yeye.

Basi kwa nini yaongezewe? Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, mtoto hupata kwa mamake sehemu kubwa ya madini ya kujenga mifupa. Wako amezaliwa kabla ya kuyapata. Anahitaji protini, kalsiamu na fosforasi kwa wingi, lakini tumbo lake ni dogo, hawezi kupokea maziwa mengi. Kwa hiyo wauguzi huchanganya kirutubisho maalumu, kwa kipimo, katika maziwa uliyokamua, ili kiasi kile kile kidogo kimjenge zaidi. Daktari huanza mtoto akishazoea maziwa ya mama peke yake.

Kirutubisho hiki hakipatikani katika kila hospitali. Kikikosekana, muulize daktari la kufanya. Lakini mama, usijiongezee mwenyewe! Sukari, glukosi, uji, maziwa ya ng'ombe au ya mkebe yanaweza kumdhuru vibaya.

Kazi yako ni hii. Anza kukamua mapema baada ya kujifungua, hata yakitoka matone tu. Maziwa yale ya kwanza ya manjano ni kinga kubwa. Endelea angalau mara 8 kwa siku, usiku pia. Nawa mikono kwa sabuni kila mara, na utumie chombo safi chenye kifuniko. Daktari akikuruhusu, mbebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Hilo husaidia maziwa kutoka.

Ukiona tumbo la mtoto limevimba, anatapika kijani, au choo chake kina damu, mwite muuguzi mara moja.

Nawe baba, nawe nyanya: mpikie mama, mpunguzie kazi, mtie moyo. Mtoto huyo anategemea kila tone.