Kiti Chenye Mwisho na Kiti Kisicho Mwisho

Marehemu Mwai Kibaki aliingia Bungeni mwaka 1963, akarudishwa uchaguzi baada ya uchaguzi, wala sheria haikumzuia. Lakini Urais alioupata mwaka 2002 aliuacha mwaka 2013, kwa kuwa vipindi vyake viwili vilikwisha. Mtu ni yule yule. Mbona kiti kimoja kihesabiwe na kingine kisihesabiwe?

Rais ni mmoja tu. Huteua mawaziri na kuamuru majeshi. Gavana naye huongoza serikali ya kaunti na fedha zake. Mwenye nguvu hizo aweza kuzitumia ili asishindwe kamwe, hata kura zikawa desturi tu. Kwa hiyo Katiba ya 2010 yawapa vipindi viwili vya miaka mitano. Mbunge ni sauti moja kati ya 349. Peke yake hapitishi sheria hata moja, ingawa wengine hutembea kana kwamba wao ndio serikali.

Labda mzee mmoja atasema, “Mchungaji, wetu amekaa miaka 20, na daraja hatujaliona.” Mzee wangu, huyo hatahesabiwa na Katiba. Siku ya kura utapewa karatasi, nawe utaingia kibandani peke yako.