Mikono ya Watoto: Udongo, Jiwe na Mti



Nataka kunena nanyi habari ya kuwafundisha watoto kufinyanga na kuchonga. Huenda mtu akasema, "Huo ni mchezo tu, mtoto na asome." Mwingine alisikiapo neno sanamu huogopa, akiikumbuka amri. Lakini katazo ni la kuabudu sanamu, si la ustadi; maana kitabu kile kile cha Kutoka chamtaja Bezaleli, aliyepewa hekima ya kukata mawe na kuchonga miti.

Wala kazi hii si ngeni kando ya Nyanza. Mwaka 1929, huko Luzira karibu na Kampala, kilichimbuliwa kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo na wazee wa kale. Nacho sasa kimewekwa katika jumba kuu la makumbusho huko London. Je, sisi tuudharau udongo wetu?

Basi tuanze na udongo, kwa kuwa udongo husamehe. Mtoto afinyangapo ng'ombe, pembe ikianguka huilowesha na kuibandika tena. Waiteni akina mama wafinyanzi waje shuleni, wawaonyeshe watoto jinsi udongo unavyochanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa, usipasuke motoni, na jinsi chombo kinavyokaushwa polepole kivulini. Hapo mtoto hujifunza kuongeza, tena kungoja.

Kisha jiwe. Majabali ya Musoma ni magumu, kisu cha mtoto hakiyawezi. Lakini ng'ambo ya mpaka, huko Tabaka katika nchi ya Wakisii, liko jiwe laini lichongwalo kwa kisu, kisha husuguliwa kwa maji hata ling'ae. Asiyelipata na achonge kipande cha sabuni ya mche. Mabaki yake yatafulia nguo.

Mwisho ni mti. Mti hausamehi, kilichokatwa hakirudi. Mtoto na autazame kwanza, afuate nyuzi zake asije akaupasua. Na makali ya kisu yaelekee mbali na mkono unaoushika. Hapo hujifunza kufikiri kabla ya kukata.

Waalimu, nawasihi neno moja: msiitengeneze kazi ya mtoto kwa mikono yenu. Ng'ombe wake wa miguu mitatu akianguka, mwulizeni, "Ameangukaje?" Naye atautafuta mguu wa nne mwenyewe. Mkimfanyizia, ng'ombe atasimama, lakini mtoto hatakuwa amejifunza kitu.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule hapo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alionya katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, juu ya shule imtengayo mtoto na watu wake na kazi yao. Mtoto aketiye karibu na mama mfinyanzi, akamwuliza na kujibiwa, hakutengwa.

Basi kila shule na ianze na debe moja la udongo, na wazazi wasaidie kuuchukua.